Papa Kazadi, Uliyesoma Majina ya Waliopona

Mpendwa Papa Kazadi,

Binti yako aliniandikia kwamba walikuzika Mwene-Ditu, huko Kasai, asubuhi ya mvua, na kwamba watu walikuwa wachache kwa sababu huko hawakukujua. Nilisoma mstari huo mara nyingi. Hapa Likasi, enzi zile, ungepita sokoni Kikula na kusema tu "Jambo, Mama," na mwuza mboga aliyekupa mgongo angegeuka aone ni nani, maana sauti yako aliijua kuliko ya mume wake. Ndiyo sababu naiandika barua hii wazi, yeyote aisome. Uliyonitendea yalifichwa kwa ajili ya nyakati zile tu. Nyakati zimepita, na mimi nimezeeka vya kutosha kuyasema.

Nilikuja kwako nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Lubumbashi, nimetumwa kufanya staji, mafunzo ya kazi, ya miezi mitatu kwenye redio ya taifa. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi imeshika, majani ya vilimani yanachomwa na moshi unaingia hadi ofisini. Nilivaa kitenge kipya ambacho mama alikuwa amekipiga pasi ya makaa mara mbili, na mkononi nilikuwa na barua yenye mihuri mitatu. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akasema, "Citoyenne," maana enzi zile sote tuliitwa mwananchi kwa Kifaransa, "utajifunza kwa kuangalia," kisha akanielekeza chumba cha mwisho wa ukumbi.

Ulikuwa umekaa kando ya dirisha na abakosti yako ya kahawia iliyopauka, lile koti lisilo na tai, unatafuna karanga ulizozimwaga juu ya taarifa ya habari ya jana. Hukuiangalia barua yangu. Uliniuliza, "Baba yako anatumika wapi?"

"Shituru, kwenye kiwanda."

"Na mama?"

"Anauza mboga Kikula."

"Basi uko na redio mbili ku nyumba," ulisema. "Hii yetu njo ya tatu. Ikala."

Nikakaa, nikidhani unanidharau. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni Mulungwishi, Kifaransa changu kilisifiwa na walimu, na hapa mzee ananikumbusha mboga za mama. Ilinichukua wiki moja kuelewa kwamba ulikuwa umenipa somo la kwanza: habari huanzia kiwandani na sokoni.

Unakumbuka habari yangu ya maji? Bomba lilipasuka upande wa Panda, watu walikaa siku nne wakichota mtoni. Nilikwenda, nikaandika ukurasa mzima. Niliuanza na neno "mamlaka" na kuumalizia na neno "maendeleo." Uliusoma kimya, ukaurudisha mezani, ukasema nikusomee kwa sauti kubwa kana kwamba mama yangu yuko pale anakata majani ya sombe.

Nikasoma.

"Sasa yeye, mama yako, atakuuliza nini?"

Nilifikiri kidogo. "Ataniuliza maji yanarudi lini."

"Na weye uliandika?"

Sikuwa nimeandika. Sikuwa hata nimeuliza. Ulichukua kofia yako ukanivisha kichwani, kwa sababu jua lilikuwa limepanda, ukasema tu, "Rudia kule." Nikarudi Panda kwa miguu. Nikamkuta fundi amelala chini ya bomba, matope hadi masikioni, nikamwuliza. Akasema kesho kutwa, kama kifaa kitafika kwa treni. Jioni ulisoma habari hiyo kwa sentensi nne. Mama alikuwa akiisikiliza nyumbani, na nilipofika aliniambia, "Leo redio yenu imesema kitu." Hakujua ni habari yangu. Sikumwambia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu kama mwehu.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Kila taarifa ilianza na Rais: amepokea nani, amesema nini, amepigiwa makofi wapi. Baada yake Chama, baada ya Chama kamishna wa zoni. Habari za mji zilikuja mwisho, na mara nyingi mkurugenzi alizikata kwa sababu muda umekwisha. Wewe hukulalamika. Ulikuwa ukiniambia, "Dakika zenye kubakia njo zetu," ukazijaza dakika hizo kama mama anavyojaza kikapu, chini vitu vizito, juu vyepesi: mgonjwa wa kipindupindu aliyeonekana mtaa fulani, mahindi yaliyofika, shule iliyopata paa. Ulinifundisha kukata utepe wa sauti kwa wembe bila kukata pumzi ya msemaji. Ulinifundisha kumwuliza mtu jina lake na kulirudia mbele yake mpaka akubali kwamba nimelisema sawa. "Jina ya muntu haiko kitu ya kuchezea," ulisema. Wakati ule niliona ni ukali wa mzee.

Kisha likaja jambo la ziwa.

Ilikuwa mwezi wa nane, juma ambalo mkubwa mmoja kutoka Kinshasa alitarajiwa kuutembelea mji. Barabara zilifagiliwa, mawe ya kando yakapakwa chokaa, watoto wa shule wakawa wanafanya mazoezi ya kucheza na kuimba uwanjani kutwa nzima. Mkurugenzi alinituma ziwani Tshangalele na dereva wa redio nikarekodi wavuvi wakisema wamefurahi na kwamba samaki wa karamu wako tayari. Tuliondoka alfajiri. Wewe ulinipa mashine ya kurekodia mikononi kama mtu anayekabidhi mtoto, ukasema nisiiweke sakafuni mwa gari.

Tulipofika kijijini hapakuwa na mtu wa kurekodi furaha. Watu wote walikuwa ukingoni. Jana yake mchana mashua kubwa iliyokuwa ikivusha wanawake wenye kwenda kununua samaki ilipigwa na upepo katikati ya maji ikapinduka. Waliopona walikuwa wamekaa juu ya nyasi, wamefunikwa nyavu na magunia, na wengine walikuwa bado hawajaweza kusema. Wengi wao walikuwa watu wa Likasi, akina mama wa soko. Maiti walikuwa wameanza kuletwa. Sitaandika niliyoyaona upande ule wa ukingo. Ulinikataza siku ile kuyasimulia kwa watu wasiohitaji kuyajua, na hadi leo nimetii.

Nilisimama na mashine yangu kifuani, sijui nifanye nini. Mama mmoja mnene, sauti imekauka kwa kupiga kelele majini, alinivuta kitenge.

"Weye njo wa redio?"

"Ndiyo, Mama."

"Andika jina yangu. Minye ni Mama Kyala. Bana yangu iko Kikula, nyuma ya kanisa. Bambie niko muzima. Basikie leo, juu kesho batakuwa bamesha kunililia."

Nikaandika. Nikalirudia jina mbele yake. Akaitika. Aliyekuwa kando yake akasema, "Na minye." Kisha mwingine. Nilipiga magoti nikawafuata mmoja mmoja kwenye nyasi, jina, mtaa, nani anayemsubiri. Walikuwa kumi na saba. Hapakuwa na simu kijijini, lori la samaki halikuwa na mafuta, na gari letu lilikuwa na nafasi ya watu wawili tu nyuma. Tuliwachukua mama mjamzito na dada yake, tukarudi, tukawashusha kwanza hospitalini.

Mjini uvumi ulikuwa umetutangulia. Mwendesha baiskeli mmoja alikuwa ameleta habari kwamba mashua imezama na hakuna aliyepona. Tulipoingia, wanawake na wanaume walikuwa wamejaa nje ya uzio wa redio. Hawakupiga kelele. Walituangalia tu. Wote walijua gari lile limetoka wapi, na mimi nilipita katikati yao na majina kumi na saba ndani ya daftari, nikijiambia: subirini kidogo, nusu saa tu.

Mkurugenzi alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, Papa, wewe mwenyewe ulinifundisha kusema hivyo. Alikuwa na watoto saba na kiti kilichoweza kuondolewa kwa simu moja. Alifuta miwani yake, akasema, "Juma hili hakuna msiba kwenye mawimbi, wala neno nje uzioni. Ni amri, nami nimeipokea hivyo."

"Lakini walio hai, citoyen mkurugenzi. Majina tu."

"Ulitumwa samaki. Andika samaki."

Akachukua ukurasa wangu wa habari akaufungia kwenye droo.

Ulinikuta uani, nimeegemea tangi la maji, nalia kwa hasira. Hukuniambia ninyamaze. Ulisubiri, kisha ukauliza, "Majina iko wapi?"

"Kwenye daftari."

"Yote?"

"Ya wenye kupona. Kumi na saba."

"Ulirudilia kila moja mbele ya mwenyewe?"

"Nilirudia, Papa."

Ulitazama uzio na watu wale kwa muda. Naikumbuka sura yako wakati huo kuliko wakati mwingine wowote. Ulionekana umechoka, na kidogo uliogopa. Halafu ukasema, "Saa kumi minasoma matangazo."

Matangazo ya jamaa! Kila siku saa kumi ulisoma karatasi ambazo watu walizileta kwenye dirisha la mapokezi: fulani wa Shituru anamjulisha kaka yake wa Kolwezi kwamba mtoto amezaliwa, fulani amefika salama safari yake, fulani anaombwa arudi nyumbani, mama anaumwa. Taarifa ya habari ilipitia kwa mkurugenzi, neno kwa neno. Matangazo yalipitia kwako tu. Hakuna mkubwa aliyewahi kuyaona kuwa habari.

Tulikaa chumbani kwako na mlango umefungwa. Nilianza kunakili, ukanipokonya kalamu. "Mukono yako isionekane hapa." Nilisoma, ukaandika wewe, karatasi kumi na saba, kwa ile herufi yako ya kuegemea nyuma. Ulipomaliza ulichana kurasa za daftari langu ukazitia mfukoni mwa abakosti. Nilikuuliza kuhusu wale wengine, ambao majina yao sikuwa nayo, waliobaki majini na waliolazwa ukingoni. Ulifunga kifungo cha mfuko.

"Wale," ulisema, "jamaa yao batasikia kama hatukubaita. Itabauma. Lakini batajua leo, haiko kisha juma moja. Minye siwezi kufanya kupita pale."

Kisha ukanitoa. "Enda kule inje, ikala na bantu. Kila muntu akuone. Ukiulizwa, haukuingia mu studio."

Kwa hiyo sikuona ulivyosoma, Papa. Nimewaambia watu wengi kwamba nilikuwepo, na kweli nilikuwepo, lakini nilikuwa upande wa wasikilizaji. Mlinzi alikuwa ameweka redio yake kwenye ukingo wa dirisha. Ulianza na tangazo la kawaida, mtu wa Panda aliyepoteza kitambulisho. Baada yake, kwa sauti ileile, bila kuinua wala kushusha, ukasoma:

"Mama Kyala, akiwa kando ya ziwa, anawajulisha watoto wake wa Kikula, nyuma ya kanisa, kwamba yeye ni mzima. Wasihangaike. Narudia. Mama Kyala, akiwa kando ya ziwa, ni mzima."

Kijana wa kike aliyekuwa mbele yangu alishika uzio kwa mikono miwili. Alitelemka polepole hadi chini akakaa mavumbini, miguu mbele, kama mtoto mdogo, kisha akaanza kucheka na kulia pamoja. Ukasoma la pili. Mahali fulani nyuma mwanamume akapaza sauti, "Njo muke yangu! Njo muke yangu ile!" na watu wakamnyamazisha kwa hasira, maana ulikuwa tayari unasoma la tatu. Hapo ndipo wote walipoelewa unachofanya. Kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia karatasi ikigeuzwa ndani ya redio.

Ulisoma kumi na saba, kila moja mara mbili. Baada ya la mwisho hapakuwa na muziki. Kwa kawaida wimbo wa Chama ulifuata palepale. Siku ile uliiacha redio kimya kwa muda mrefu, labda nusu dakika, na katika kimya hicho nilimwona mama mzee kando yangu anavua kitambaa cha kichwa, anakikunja, anakishika kifuani. Jina alilolisubiri halikusomwa. Alinigeukia, mimi ambaye hakunijua, akasema kwa utaratibu, "Basi. Sasa niende nitafute benye kunisaidia kumuleta." Nilitembea naye hadi kwake. Jioni ile ile wanawe waliondoka na mkokoteni kwenda ziwani, na kesho yake walimzika dada yao kwa heshima, akiwa ameoshwa na mikono ya mama yake. Baadaye mama yule alinitumia kibuyu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na ujumbe kwamba mwenye kusoma matangazo anywe kwanza.

Hukuwepo kuunywa. Asubuhi iliyofuata watu wawili wa usalama walikuja, wamevaa vizuri, wapole. Walituita mmoja mmoja ofisini kwa mkurugenzi. Nilipoingia, karatasi zako kumi na saba zilikuwa zimepangwa mezani.

"Citoyenne, ulikwenda ziwani. Ni wewe uliyeleta majina?"

Ulikuwa umeniambia uamuzi wako usiku uliotangulia, tuliposindikizana hadi njia panda: "Ukisema, tutakuwa babili mu shimo, na ile kazi itakosa muntu. Minye ni muzee. Weye unyamaze." Niliahidi. Lakini ahadi ni rahisi njia panda. Mbele ya meza ile, wewe ukiwa umesimama ukutani na mikono nyuma, nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa umeshaanza. Nikakuangalia, na wewe hukuniangalia. Ulikohoa tu, kikohozi kidogo kikavu, kile ulichokitumia studioni kunionya kwamba mikro iko wazi.

"Nilikwenda kurekodi wavuvi na samaki," nilisema.

"Zile karatasi ni mukono yangu," ulisema wewe. "Bantu balileta dirishani, nikasoma. Njo kazi yangu."

Walikuchukua. Siku tisa. Mama Mbuyi, mkeo, alikupelekea chakula kila siku, na mara tano kilirudishwa. Mimi niliendelea kuja kazini. Nilisoma habari ya ziara ya mkubwa, makofi na ngoma, na nilichukia sauti yangu mwenyewe. Baba yangu alipogundua kwa nini sili, aliniita kibarazani, akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukueleza: kwamba kiwandani, katika zamu yake, kulikuwa na wanaume watatu ambao wake zao walikuwa kati ya wale kumi na saba, na kwamba walikuwa wamekwenda kwa Mama Mbuyi kumpasulia kuni na kumchotea maji. Kila siku, kwa zamu. Hakuna aliyewatuma.

Ulirudi umekonda, na sikio la kushoto halisikii tena vizuri. Hukusimulia. Walikutoa kwenye mikro wakakupeleka chumba cha kuhifadhi kanda, ukawa unapanga mabobini ya kanda na kuyafuta vumbi, wewe uliyekuwa na sauti ile. Saa kumi akawa anasoma mwingine, kijana mwenye haraka aliyekosea majina. Nilikuwa nikikuona unasimama mlangoni mwa chumba chako wakati huo, kichwa kimeinama upande wa sikio zima, na midomo yako ikiyarekebisha kimyakimya.

Siku ya mwisho ya staji yangu nilikuletea karatasi ya chuo ya kujazwa na msimamizi. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuiandika sehemu yake: nidhamu nzuri, mavazi ya heshima. Chini palikuwa na nafasi ya mistari mitatu. Wewe uliandika mmoja: "Anarudia jina mpaka mwenyewe aitike." Mwalimu wangu Lubumbashi hakuelewa maana yake akaniuliza kama ni methali ya Kasai, kwa baba zako. Nilimwambia ndiyo.

Na kweli nilifanya kazi hii, Papa. Miaka mingi, katika redio zaidi ya moja, chini ya bendera zilizobadilika. Nimesoma mambo ambayo nisingependa kuyasoma, kama kila mtu wa kizazi chetu. Lakini sijawahi kusoma jina la mtu bila kuuliza linavyotamkwa, na sijawahi kusahau kwamba upande wa pili wa redio yuko mtu ameshika uzio. Hivyo viwili umenipa wewe, na ndivyo vilivyonilisha, vilivyosomesha watoto wangu, vilivyonifanya nijiheshimu hata siku ambazo sikustahili.

Lakini kuna lingine lililonikaa moyoni, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Miaka kadhaa baadaye, wakubwa wa mkoa wetu walipoanza kusema kwamba watu wenye asili ya Kasai warudi kwao, nilidhani ni maneno ya jukwaani. Wewe ulizaliwa hapa. Baba yako aliletwa na wazungu kuchimba madini kabla hata baba yangu hajaoa. Ukienda kwenu ungekwenda wapi? Kisha siku moja nyumba yako ilikuwa imefungwa, na jirani, ambaye nilisali naye, aliniambia bila kunitazama, "Bako ku gare." Stesheni. Nilikwenda na sufuria ya bukari, ugali wetu, na samaki, na nilipofika nikaona kwamba sufuria moja ni kichekesho. Familia kwa mamia walilala kwenye simiti, wanasubiri treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Nilitembea nikiita jina lako. Nilikupata kando ya ukuta, umekaa juu ya sanduku, Mama Mbuyi amelaza kichwa begani pako.

Nilipiga magoti mbele yako nikaanza kulia, na nilichokitaja si treni wala nyumba. Nilisema, "Papa, ile siku mbele ya meza, nilinyamaza. Walikuchukua na mimi nilikuwa nimesimama pale."

Ulishangaa. Nadhani ulikuwa hujawahi kulifikiria hivyo. Uliniinamishia sikio zima, ukaniambia nirudie, na niliporudia ulishika kichwa changu kwa mkono mmoja kama unavyopima tikiti sokoni.

"Monga," ulisema, "minye nilisoma tu. Nilikuwa mu nyumba, ku kivuli, na kiti. Weye njo ulipiga magoti mu majani na bale bamama. Kama haukuuliza, ningesoma nini?" Halafu ukacheka, meno mawili yamepungua. "Na ulinitii. Mutoto wa staji mwenye kutii! Nilipata mumoja tu mu maisha yangu yote."

Tulikula pamoja, sisi watatu na watoto wa familia iliyokuwa kando. Mama Mbuyi aliniuliza habari za wanangu kwa majina, mmoja mmoja. Siku ya tatu treni ilikuja. Watu walipanda hadi juu ya mabehewa. Nilikusukumia sanduku dirishani, ukalipokea, ukawa unasema kitu ambacho kelele zilikimeza. Nikakimbia kando ya behewa nikipaza sauti, na kati ya maneno yote ya Kiswahili na ya Kifaransa niliyokuwa nimejifunza kwako na shuleni, yaliyonitoka yalikuwa "Safari njema!" Kana kwamba unakwenda Kolwezi kumwona shemeji. Kana kwamba utarudi Jumapili.

Nimejilaumu kwa maneno hayo miaka mingi. Sasa naona kwamba mtu akikimbia kando ya treni husema analoweza. Lakini leo sikimbii. Nimekaa, mlango uko wazi, wajukuu wamekwenda shule, na nina muda wa kutosha kusema lililopaswa kusemwa siku ile.

Aksanti, Papa. Kwa kofia uliyonivisha nikarudi Panda. Kwa wembe na utepe. Kwa kukohoa. Kwa siku tisa ambazo zilikuwa zangu ukazikaa wewe. Kwa wale kumi na saba, na kwa mama mzee aliyeweza kumwosha binti yake. Aksanti kwa mstari mmoja kwenye karatasi ya chuo. Aksanti kwa kucheka pale stesheni, siku ambayo hakuna mtu angekulaumu kwa kulia.

Lala vizuri kwenye udongo ule wasikokujua. Huku tunakujua.

Mtoto wako wa staji, mwenye kutii,
Monga
Likasi